Ndevu za Uduvi

Kituoni, 4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naandika kwa kalamu nene nyeusi na herufi kubwa kama tangazo la mnada, kama ulivyoniamuru, kwa hiyo usiniambie tena kwamba maandishi yangu yanatambaa. Kurasa zikiwa nyingi, lawama ni zako.

Nimefika salama. Chumba walichonipa kina kitanda, feni yenye kikohozi, na dirisha linalotazama matangi ya maji ya bahari. Bwana wa pampu aliteleza kwenye ngazi na sasa anatembea kwa gongo, lakini ndiye anayetuchemshia chai na hataki msaada. Maabara ni chumba kirefu chenye meza za vigae vyeupe. Juu ya sinki wametundika mchoro wako, ule wa uduvi mwenye ndevu. Karatasi imegeuka manjano ila wino haujafifia hata kidogo. Nilisimama pale mpaka Mkuu wa kituo akaniuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia, "Huyu ni shangazi yangu." Akautazama mchoro, akanitazama mimi, akasema, "Mnafanana." Sijui alimaanisha wewe au uduvi.

Jana tulivuta wavu kwa mara ya kwanza, ule wenye matundu madogo kuliko ya chujio la chai. Tulipomimina kwenye bakuli, maji yalikuwa yanachezacheza kwa wingi wa viumbe. Miongoni mwa uduvi nikamwona mmoja ana kishungi katikati ya macho: vijishina vyembamba, kila kimoja na kichwa chake cha mviringo. Nimezisoma ndevu kitabuni mwako tangu sijui kufunga kamba za viatu, lakini kuziona zikitikisika kwa mapigo ya moyo wa uduvi ni jambo jingine kabisa. Zimekaa pale kichwani kama zilialikwa.

Kazi uliyonipa nimeianza. Nitasoma vinasaba vya ndevu ili chapa ya pili ya kitabu chako iwe na ile sentensi unayoitaka, kwamba vinasaba navyo vinakiri ndevu ni kuvu. Utaipata. Wewe shughulika na sura nyingine.

Mwanao,
Chembe

*

Nyumbani, 15 Machi

Chembe,

Marahaba. Herufi zako sasa ni za mtu mzima. Zangu zikipandana usishangae, meza ya huku ina mguu mfupi, na kalamu yenyewe ni ya bure, nilipewa benki.

Hao waliotundika mchoro wangu juu ya sinki waambie wauhamishe. Maji yakiurukia nitakuja mwenyewe.

Ulipokuwa shule uliniuliza kwa nini nilisema ni kuvu, nikakujibu kwa sababu nimesema. Sasa umekua, nikueleze. Wakati ule hakuna aliyejua pa kuziweka ndevu. Huyu alisema ni mwani, yule akasema ni mnyama aliyekwama, na mkuu wangu wa siku hizo alisema ni uchafu wa lenzi, maana aliyeziona alikuwa mwanamke mwenye cheti kibichi. Nikakaa na uduvi wale msimu mzima. Nikaona udevu una mzizi unaoingia kichwani na kujitawanya ndani ya nyama, kama ukungu unavyotawala mkate ilhali juu unaona kidoa tu. Nikaona shina, nikaona vichwa vya mbegu. Nikaona pia kwamba mwenye ndevu haugui. Anaogelea, anakula, ila hazai tena, kwa sababu nguvu yote ya kuzaa inakwenda kumlisha mgeni wake. Nikasema hii ni kuvu, tena yenye adabu kuliko zote nilizowahi kukutana nazo, maana inamla mwenyeji bila kumwangusha. Walinicheka sana. Kisha wakaanza kuninakili.

Mpiga chapa anataka kurasa zote mwisho wa Mei. Baada ya hapo hata nikigundua nimejiita mwanamume, kitabu kitatoka hivyo hivyo. Na hiki ndicho cha mwisho, Chembe, sitaandika kingine. Sura ya tatu, ya ndevu, nimeitabaruku kwako. Nataka sentensi yako ndiyo iifunge.

Fundi cherehani wa chini anakusalimu. Ndiye anayenipelekea barua posta, magoti yangu na ngazi hayaelewani.

Kula vizuri. Chai si chakula.

Shangazi yako

*

Kituoni, 2 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii ni fupi, unisamehe. Mashine ya kusomea vinasaba ina hitilafu, tunasubiri kipuri. Mchoro wako umehamishiwa kando ya mlango, mbali na maji. Bwana wa pampu anaendelea vizuri.

Kuhusu ndevu sina la kukuambia kwa sasa. Naomba usimwambie mpiga chapa lolote juu ya ile sentensi. Kwani kitabu hakiwezi kutoka bila hiyo? Au sura ya tatu ikawa fupi kidogo? Nauliza tu.

Mwanao,
Chembe

*

Nyumbani, 14 Aprili

Chembe,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa ya mtu anayepita mbio.

Likizo zako zote za utotoni ulikuwa kwangu. Ukivunja kikombe, ulikuwa unakuja jikoni kuniuliza kama vikombe ni ghali. Sasa unaniuliza kama sura inaweza kuwa fupi. Kikombe gani kimevunjika?

Nimewaza mengi. Labda kuna mwanamume. Kama yupo, mwambie asubiri, ndevu za uduvi zilitangulia zake. Labda kazi imekushinda na unaona haya. Kama ni hilo, mimi niliharibu sampuli za mwaka mzima kwa kusahau kufunga jokofu, na bado waliniita mtaalamu. Labda unaumwa. Mficha maradhi, kilio humfichua, wewe binti.

Wala usinipigie kujieleza. Simu ni ya salamu na misiba. Neno la kazi likisemwa hewani, kesho kila mtu analikumbuka kwa namna inayomfaa. Andika.

Shangazi yako

*

Kituoni, 25 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mashine haijaharibika hata siku moja. Mwanamume hayupo. Siumwi. Barua hii nimeiandika na kuichana mpaka Mkuu amenificha karatasi.

Ndevu si kuvu.

Nilisoma vinasaba vyake nikavilinganisha na vya viumbe wengine, ukoo kwa ukoo, nikitegemea vitakaa kwenye tawi la kuvu. Vikaenda kukaa upande mwingine kabisa wa mti wa ukoo, pamoja na wazungukaji. Unawajua kuliko mimi: wale wa chembe moja, wenye mijeledi miwili ya kuogelea, wanaojipindua majini kama wanacheza, walewale wanaoiwasha bahari gizani mawimbi yakivunjika. Nilirudia. Vikarudi palepale.

Na ukoo wenyewe, Shangazi, ungeuona. Wamo wanaoingia ndani ya wazungukaji wenzao na kuwamaliza kutoka tumboni. Wamo wanaoishi kwenye utumbo wa viumbe wadogo kuliko uduvi. Hata kimelea cha malaria ni binamu yao wa mbali. Ndevu zako zimo katika nyumba hiyo ya wavamizi, na hazikurithi mzizi wala shina kutoka kwa kuvu yoyote. Zilivibuni zenyewe, kwa kuwa kazi ni ileile ya kushika, kunyonya na kutawanya mbegu. Halafu fikiria uduvi kutwa nzima anawala wazungukaji, kumbe ndugu yao amemkalia kichwani anamla yeye. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipoelewa hilo niliona fahari juu yao kama mtu aliyepata habari njema za jirani. Dakika hiyohiyo nikakukumbuka wewe na sura ya tatu, nikaogopa.

Nakuomba umzuie mpiga chapa. Ulichokiona kwa macho yako hakijaguswa, ni ukoo tu uliobadilika. Lakini najua ukoo ndio uliougombania.

Bwana wa pampu ametupa gongo lake. Nilidhani nikimalizia na habari njema itakuwa rahisi zaidi. Si rahisi.

Mwanao,
Chembe

*

Nyumbani, 6 Mei

Chembe,

Marahaba kubwa. Nafurahi bwana wa pampu ametupa gongo, na nafurahi mvua imetulia huko kwenu.

Na hilo lingine, sina hata maneno. Nilijua, lakini kujua ni kimoja na kuthibitishiwa ni kingine. Ulivyonitia wasiwasi na vikombe vyako, kumbe ulikuwa unangoja uhakika tu kwamba ndevu ni kuvu. Hivyo ndivyo mtafiti anavyotakiwa kuwa. Nimejivuna juu yako mbele ya Fundi mpaka akaomba ruhusa arudi kwenye cherehani.

Sentensi nimekuandikia, usihangaike. Inasema: "Vinasaba, vilivyosomwa na binti wa kaka yangu, vimethibitisha kwamba ndevu ni kuvu." Imeshakwenda kwa mpiga chapa. Jina lako kamili liko chini yake, nimelitamka herufi kwa herufi ili wasilikosee.

Baba yako angekuwa hai, leo ningemtambia.

Shangazi yako

*

Kituoni, 13 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, nikidhani ni utani wako. Niliposoma tena ilibidi nikae juu ya ndoo. Huku hakuna mvua wala sikuandika kuhusu mvua. Nilikuandikia kwamba ndevu si kuvu, kwa herufi kubwa na kalamu nene. Maneno hayo hayasomeki kinyume.

Nimekupigia simu. Nilipotaja ndevu tu ukasema, "Ya kazi andika," ukakata. Basi naandika.

Nilipokuwa mtoto nilichora uduvi mwenye miguu iliyolingana pande zote ili apendeze. Ulinifutisha, ukasema tunamchora aliyepo. Leo wewe umemchora asiyekuwepo, na chini yake umeandika jina langu. Ungenikatalia ningekubali. Ungenitukana ningekubali vilevile, nimeshazoea. Ila kunijibu kana kwamba sikusema kitu, hilo limeniuma sana.

Kabla ya mwisho wa mwezi nitamwandikia mpiga chapa mwenyewe. Sitaki, lakini nitaandika. Nakupenda na nina hasira.

Chembe

*

Chini ya ngazi, 19 Mei

Kwa Binti Chembe,

Mimi ni fundi cherehani wa chini kwa shangazi yako, yule mshona mapazia. Hatujaonana, ila nakujua kuliko unavyodhani, na ndiyo sababu nakosa usingizi.

Shangazi yako haoni. Naliandika wazi kwa kuwa nimechoka kulishona kwa ndani. Jicho moja lilizima mwaka jana. Hili la pili linaona dirisha kama shuka jeupe, basi. Barua zake anaandika mwenyewe, anaweka rula chini ya mstari, na rula ikiteleza mistari inapandana. Meza yake ni nzima kabisa. Zako namsomea mimi. Siku barua ikija anavaa gauni la kutokea, anaketi wima kama anayepokea mgeni, ndipo ananiita. Kurasa za kitabu nazo namsomea mimi, na nikitamka vibaya ananirudisha mwanzo wa aya.

Ile barua ya mwisho wa Aprili niliianza vizuri. Nilipofika pale pa "ndevu si kuvu" macho yalitangulia ulimi. Nikamtazama, anatabasamu, anangoja. Binti, mimi ni fundi. Mteja akiniletea kitambaa chenye tundu, nalikunja tundu ndani nashona mbele. Basi nikakunja. Nikasoma ya bwana wa pampu, nikaongeza mvua ya kwangu, nikasema ndevu zimekubali kuwa kuvu. Nilitaka apate siku moja njema. Sikujua neno langu litakwenda mpaka kwa mpiga chapa na kubeba jina la mtu.

Hii ya pili nimeisoma peke yangu kwenye cherehani, nikamshonea mteja mkono wa koti juu ya mfuko. Kesho napanda na barua zote mbili, nazisoma toka shikamoo hadi saini, sikunji kitu. Usimlaumu, yeye hakudanganya. Na ukisikia fundi ameanguka ngazini, ujue nilisukumwa.

Ni mimi,
Fundi wa chini

*

Nyumbani, 22 Mei

Chembe,

Marahaba. Mkono huu ni wa Fundi. Nimemwapisha aandike kila neno ninalolisema, hata yanayomhusu yeye. Yeye ni mshonaji mzuri na msomaji mwizi. (Nimeandika. Fundi.) Sijamsukuma ngazini kwa sababu nitahitaji mtu wa kunisomea jibu lako.

Macho niliyaficha, ni kweli. Wangesema kitabu cha kipofu cha nini, na wewe ungerudi nyumbani kunishika mkono badala ya kushika darubini. Ningeyaficha tena. Barua yako ya mwisho hukuandika "mwanao". Nilimwambia Fundi atafute vizuri chini ya ukurasa, akasema hakuna. Ukiacha hilo, ulivyoniandikia ndivyo ningekuandikia mimi.

Mpiga chapa nimempigia simu nimemzuia mpaka katikati ya Julai. Ndiyo, simu. Huu nao ni msiba.

Sasa tuje kwenye kazi. Sijakubali. Uduvi hula nini? Umesema mwenyewe, wazungukaji. Na wewe bila shaka ulikata kichwa cha uduvi na ndevu zake, ukaviponda pamoja ukasoma. Umesoma chakula chake cha mchana, binti. Kila anayeanza hufanya hivyo, nami wa zamani ningefanya vilevile kama mashine hizo zingekuwepo.

Warudie hivi. Waweke uduvi kwenye maji ya bahari yaliyochujwa, wafunge. Utumbo wao unaonekana kama uzi mweusi mgongoni. Uzi ukitoweka na mwili wote ukawa kioo, hapo tumbo ni tupu. Kisha wanyoe. Usitumie sindano, sindano inachana. Ndani ya bahasha kuna kijiti cha kiberiti nimekizungushia pamba. Kwenye ncha yake kuna unywele mmoja uliogandishwa kwa rangi ya kucha. Ni ukope wangu wa jicho la kulia, niliung'oa nilipokuwa na umri wako. Unywele wa kichwa unalegea, lakini ukope umejikunja wenyewe na unasukuma bila kuumiza. Udevu wowote uliomo kitabuni ulipita kwenye ncha hiyo. Ukishanyoa, zioshe ndevu mpaka uchoke, kisha zioshe tena.

Chache ziache zikomae, uvizie mbegu. Mimi sikuwahi kuziona zikitoka hai, lenzi zetu hazikufika huko. Zikielea tu, nimeshinda. Zikiogelea kwa mjeledi mmoja wa nyuma, bado nimeshinda, zipo kuvu za namna hiyo. Zikiwa na miwili, na mmoja umejifunga kiunoni kama wa wazungukaji, nitaitoa sura ya tatu kwa mkono wangu.

Na usinihurumie. Fundi ameshanihurumia kiasi cha kutosha.

Shangazi yako

*

Kituoni, 24 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Fundi, shikamoo nawe. Soma yote, kukunja hakuna.

Uko sahihi kwamba niliponda kila kitu pamoja. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliona aibu mpaka masikioni, nikaenda kuwafunga uduvi siku ileile. Nyuzi zao za mgongoni zilitoweka mmoja baada ya mwingine. Walipokuwa kioo kitupu, nikautoa ukope wako kwenye pamba.

Nilihofia utakatika. Haukukatika. Unaingia chini ya shina, unasukuma, udevu unatoka mzima na uduvi hashtuki. Mkuu alikuja kutazama, akaomba ajaribu, nikamwambia hiki ni kiungo cha mwili wa shangazi yangu. Nilipoutoa mzizi wa kwanza nikaenda nao mlangoni kwenye mchoro wako. Matawi ni yaleyale. Hata ile nundu ndogo ya pembeni, ambayo miaka yote nilidhani kalamu ilikuteleza, ipo. Kalamu haikuteleza. Ulikuwa na lenzi ambayo leo tusingempa hata mwanafunzi, na uliona nundu hiyo.

Nimeziosha. Nimesoma vinasaba upya. Shangazi, ni palepale, kwenye tawi la wazungukaji.

Nikabaki naziombea mbegu zielee. Nakuambia kweli, nilitaka ushinde. Asubuhi ya juzi kichwa kimoja kilipasuka nikiwa nimekitazama. Zilitoka nyingi, hazikuelea. Kila moja ina mjeledi mmoja unaoburuzwa nyuma na mwingine umejifunga kiunoni, na zinakwenda huku zinajizungusha. Nilizitazama mpaka bwana wa pampu akaniletea chai nikainywa baridi. Ni nzuri mno. Nililia, na nusu yake ilikuwa furaha, usinikasirikie.

Sasa nina ombi kwa Fundi. Nimeambatanisha mchoro wa mti wa ukoo. Naomba aushone kwenye kitambaa kigumu kwa uzi mnene, matawi yote yainuke yashikike. Kuvu wawe kifungo cha mbao, sisi wanyama tuwe kifungo cha kitambaa, wazungukaji kifungo cha shaba, na ndevu kifungo cha shaba kilicho kidogo zaidi. Shangazi aupitie mwenyewe kwa vidole. Sitaki aambiwe tena na mtu, hata mimi.

Ukope nitaurudisha kwa barua itakayofuata, nikipata kisanduku cha kuufaa.

Mwanao, mwanao,
Chembe

*

Nyumbani, 8 Julai

Chembe,

Marahaba. Fundi alishona siku tatu, akakataa wateja. Jana alinipa kitambaa akashuka chini, akaniacha nacho peke yangu. Amejifunza.

Nilianzia shinani. Nikakishika kifungo cha mbao, nikasema hapa ndipo nilipokuwa nimesimama. Jirani yake kabisa nikakuta cha kitambaa. Ina maana kuvu ni ndugu zetu wa karibu, sisi na uduvi, kuliko walivyo ndugu wa ndevu, na mimi niliwaweka chumba kimoja kwa sababu wote wana mzizi. Nikarudi shinani, nikapanda tawi lile jingine. Ni mbali. Kidole kilichoka, nikadhani Fundi amekosea tena. Kisha nikagusa shaba, na pembeni yake ile ndogo. Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa, kama wewe.

Unajua nilichowaza? Kwamba wanatoka nyumba ya mbali kiasi hicho, na bado waliweza kujitengenezea shina na mzizi vikanidanganya mimi, na mimi si mtu wa kudanganywa na kila mpita njia. Niliwasifu kwa adabu. Nilipaswa kuwasifu kwa akili. Nimeumia, Chembe, nisikufiche, kwa muda nilikuwa sitaki hata kumsikia Fundi akikohoa. Lakini maisha yangu yote nilitaka kujua ndevu ni za nani, na sasa najua. Wenzangu waliokufa hawajui.

Sura ya tatu nimeitoa. Mpiga chapa alipiga kelele, nikamwacha amalize. Sura mpya utaiandika wewe, na juu yake litakaa jina lako. Mzizi, shina na nundu viache kama nilivyovieleza. Usiandike "kosa la mtangulizi" wala heshima za kinafiki. Andika kwamba tulidhani, kisha tukatazama. Na ile sentensi ya kufunga, safari hii uitunge mwenyewe.

Mwambie Mkuu wako aliyesema tunafanana kwamba kufanana si hoja. Aulize ndevu na kuvu.

Fundi anasema karatasi inaisha. Nipe kalamu, Fundi, na rula.

(Hapa chini ni mkono wake mwenyewe. Mistari imepandana, nimeiacha ilivyo. Fundi.)

Ukope usinirudishie. Jicho lake limezima, na wewe umeona nao. Ukikatika, unazo zako.

Shangazi yako